Dawa za Bibi Katika Begi Kubwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimpelekea bibi yake maji na kidonge cha presha. Jina la Chiriku alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

"Mke mwenzangu, leo umenitilia sumu?" bibi aliuliza.

"Nikuue, halafu babu nimpikie peke yangu? Kunywa!"

Siku ya safari utani ulipungua. Dada yake bibi alikuwa mahututi katika mji wa mbali, na bibi, akisindikizwa na Chiriku, alitaka kumkuta hai. Mama, sindano ikiwa bado mdomoni kwa kushona kanzu ya mteja, alitoa maagizo: "Begi kubwa litaingia tumboni mwa ndege, hamtaliona mpaka mfike. Dawa ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Chupa kubwa za majimaji mkononi hapana."

"Sawa, mama," alijibu Chiriku, masikio yakiwa matembezini.

Mkoba ulikuwa mdogo, na chupa ya mafuta ya nywele ya Chiriku ilikuwa nene kama mwenyekiti wa kamati. Akazihamishia dawa kwenye begi kubwa. Mwenyekiti akakaa.

Uwanjani, dada wa kaunta alilipima begi, akauliza, "Humu hamna dawa mtakayoihitaji njiani?"

"Hamna, mwanangu," alisema bibi. Chiriku akatazama viatu vyake. Begi likaondoka.

Kwenye ukaguzi, askari aliitoa chupa mkobani. "Hii imezidi kipimo. Haipiti." Ikaishia pipani.

Katika ukumbi wa kusubiri, bibi alishika kichwa. "Nipe kidonge changu cha asubuhi, bado sijameza. Naona kizunguzungu."

Chiriku akapekua mkoba aliojua hauna kitu. "Labda mama alisahau..."

Abiria wakaitwa. Bibi akainuka, akayumba, akaketi tena huku midomo imemkauka. Hapo Chiriku akaangua kilio. "Mama hakusahau! Ni mimi. Nilizitia kwenye begi kubwa ili mafuta yangu yapate nafasi."

Mhudumu wa mlangoni akapiga simu, akarudi na uso mzito. "Begi litashushwa. Lakini bibi hawezi kusafiri katika hali hii, na ndege haingoji. Nyingine ni kesho."

Begi likaletwa. Bibi akameza kidonge, kichwa kikatulia polepole. Nyuma ya kioo, ndege ikapaa bila wao.

Kesho yake walikuwa tena kwenye foleni, dawa zikiwa mkobani, simu ya mjomba aliyekuwa akimuuguza mgonjwa ilipoingia. Bibi alisikiliza kwa muda mrefu. "Alikuwa ananiulizia mpaka alfajiri," alisema, akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Bibi, nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini maagizo husikilizwa kabla ya safari. Na ukikosea, sema papo hapo. Ungesema pale kaunta, tungefungua begi, tukatoa dawa, tukaenda." Akaushika mkono wa mjukuu wake. "Sogea mbele, zamu yetu imefika. Tunakwenda kuzika."