Kiingereza Juu ya Dungu

Stendi ya Ifakara ilikuwa imechafuka kwa honi na wapiga debe, lakini Agnella hakuwasikia. Alisimama kando ya mabasi ya Mlimba, gauni la kitenge cha zambarau limemkaa vizuri, midomo ikimchezacheza peke yake.

"Dada, rozari gani hiyo inasaliwa stendi?" kijana mmoja alimtania. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi likapigika.

"Sisali. Nakariri maneno ya Kiingereza."

"Nipe moja."

"Apprehensive. Mtu mwenye hofu ya jambo linalokuja."

"Na lako linalokuja ni lipi?"

Agnella alishangaa kujikuta anamweleza. Mradi wa utafiti wa malaria ulikuwa umemwita kwenye usaili, wote kwa Kiingereza, mbele ya jopo. Kidato cha pili alisimama kusoma, akakosea, darasa zima likacheka na mwalimu naye akacheka. Tangu siku hiyo akiulizwa kwa Kiingereza viganja vinalowa na koo linafunga. Na ninyi msimcheke. Woga huo wengi tunao, ila tunausetiri kwa kujifanya lugha yenyewe hatuipendi.

Kijana aliitwa Kassian, fundi simu hapo mjini, mtoto wa wafanyakazi wa mashamba ya miwa Kidatu. Kiingereza alikijua, na alijua kwamba anakijua. Wakapeana namba. Kila jioni alimpigia kumuuliza maneno, na haikuchukua muda simu zikawa na mambo mengine pia.

"Haya mamii, reluctant?" alimuuliza jioni moja.

"Mtu anayesitasita. Anafanya, lakini moyo hautaki. Kama wewe ukiambiwa ulipie chipsi."

Kassian akacheka. Nyuma yake wakacheka wanaume wengine, wengi.

"Kassian, uko na nani hapo?"

"Niko kwa kinyozi, mpenzi. Nimekuweka spika wakusikie..."

Agnella akakata simu. Kassian alipopiga tena haikupokelewa, na baadaye haikuita kabisa.

Alitaka kujivunia, basi. Alitaka washikaji wajue mpenzi wake ana akili. Ila mwanamume akishataka kujivunia, kuomba ruhusa hakumbuki. Kwa Agnella kidato cha pili kilikuwa kimerudi, na safari hii aliyewakusanya wachekaji ni mtu anayempenda. Iliuma kuliko mara ya kwanza. Mpunga ulikuwa unaiva na familia zilishahamia mashambani kuamia ndege, naye akafungasha kanga zake akamfuata mama yake huko Mchombe. Kwenye usaili, aliapa, haendi ng'o.

Siku chache kabla ya usaili, bodaboda ikamshusha Kassian pembeni mwa shamba lao, vumbi mpaka kwenye kope. Agnella alikuwa juu ya dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya mpunga, anavuta kamba ya makopo na kuwapigia kelele kweleakwelea.

"Shikamoo, mama," Kassian alimwamkia mama mtu aliyekuwa chini.

"Marahaba. Wewe ndiye wa spika?"

"Ndiye mimi, mama."

"Umefuata nini?" Agnella aliuliza toka juu, bila kugeuka.

"Kuomba msamaha. Na kuna jingine, ila hilo nalisema kwa Kindamba, lugha ya kwenu."

Kindamba hakukijua. Mama mwenye nyumba wake alimfundisha maneno machache, basi. Akapanda ngazi ya dungu, akapaza sauti mashamba yote yasikie kwamba anaomba kumwoa binti wa mama huyu. Aliyavuruga vibaya. Shamba la jirani wakaanza kucheka, wa mbali wakadakia, mama mwenyewe akajishika mbavu. Jasho likamtoka Kassian. Akameza mate, akarudia tangu mwanzo.

Agnella akageuka, akamtazama.

"Unaogopa," alisema.

"Sana. Sikujua kama ni hivi. Nisamehe, Agnella."

Ndege walikuwa wameshatua tena. Agnella akavuta kamba, na badala ya kelele za kila siku akawapigia neno la Kiingereza kwa sauti yake yote. Majirani wakacheka. Akataka kuchutama ajifiche, lakini akapiga la pili, na la tatu.

"Nikifeli?" aliuliza.

"Utakuwa umefeli. Mimi sitahama."

Asubuhi ya usaili Kassian alisimama nje ya lango la mradi, akimngoja. Agnella akatoka, blauzi yake nyeupe imelowa mgongoni.

"Wamecheka?"

"Mmoja. Nilikosea kutamka."

"Ukafanyaje?"

"Koo likafunga. Nikaona giza. Nikamngoja amalize kucheka, nikaendelea."

"Majibu watapiga simu," Agnella alisema, akamshika mkono. "Wewe tuma mshenga, mama yupo."