Mfupa Uliotuna Nyuma ya Bega

Msusi alikuwa amejibunia njia. Tangu aanguke ngazini mwaka juzi, mkono wake wa kulia ulikuwa mzito kupanda. Basi akawatoa wateja kwenye kiti, akawakalisha kwenye kigoda. Kigoda nacho kikawa kirefu, akatandika mkeka.

"Dada, safari ijayo utatuchimbia shimo," mteja mmoja alimtania.

Wakacheka. Moyoni msusi hakucheka. Kila jioni mumewe alimkanda mgongo kwa mafuta ya moto, na kila akifika pale mfupa ulipotuna, vidole viliuzunguka.

Mteja yule alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini. Akalitazama bega la msusi, akainuka, kichwa nusu kimesukwa.

"Hebu sukuma ukuta kwa mikono miwili."

Msusi akasukuma. Mfupa bapa wa nyuma ya bega ukachomoza kama bawa.

"Mfupa umehama?" msusi akauliza. "Mume wangu huukanda kila jioni."

"Haujahama. Msuli unaoushikilia kwenye mbavu umepooza. Ulipoanguka, mshipa wa fahamu uliumia. Kukanda hakuuamshi. Wengi hupona kwa mazoezi wakiwahi, ila wewe umekaa sana. Nenda ukapimwe."

Vipimo vikaonyesha mshipa haukupona. Daktari wa upasuaji akawaita yeye na mumewe, akashauri bega lipasuliwe.

"Mkiukata mkono mkiuharibu?" mume akauliza.

"Mkono hatuukati, baba. Tunachukua sehemu ya msuli wa kifuani wenye afya, tunaifunga kwenye mfupa huu ili iushikilie. Hatari zipo: kidonda kuingia vijidudu, au msuli kuachia, hasa mama akikimbilia kazi."

"Nitasuka tena?"

"Wengi hurudi kazini. Kukuahidi siwezi."

Usingizi ukampaa usiku kadhaa. Mwishowe akakubali.

Baada ya upasuaji mkono ulining'inizwa shingoni kwa wiki kadhaa. Mumewe alimsuka binti yao, nywele zikatoka kama kiota, mtoto akakataa kwenda shule. Vidole vya msusi vikamwasha kwa hamu ya kuzifumua, lakini akajizuia. Kisha yakaja mazoezi, miezi na miezi. Siku nyingine mkono uligoma, akalia.

Asubuhi moja alikuwa anaanika shuka. Alikwisha kubana kibanio cha tatu kwenye kamba alipogundua ni mkono upi aliouinua. Akaganda hivyo hivyo, akiogopa kuushusha.

"Hilo shuka limekukosea nini?" mumewe akauliza mlangoni.

"Ngoja," akasema taratibu. "Ngoja kwanza."

Akaushusha. Akauinua tena.