Mdundo Uliopita Sakafuni

Kila siku saa tisa na nusu alasiri, Chiriku alipanda ngazi za jengo lao mbili mbili hadi ghorofa ya tatu, akavua viatu mlangoni, akamwamkia bibi yake, kisha akala chakula kilichofunikwa mezani huku amesimama. Jina la Chiriku alipewa na baba yake, kwa kuwa tangu alipojua kusema, mdomo wake haukuwahi kupata likizo. Waliishi watatu tu. Baba alikuwa fundi wa magari na alirudi jioni mikono ikinuka oili. Bibi, mama mzazi wa baba, alishinda nyumbani akifuma vitambaa, na siku hizi masikio yake yalikuwa yameanza kuchagua ya kusikia.

Baada ya kula, Chiriku alikimbilia kona ya sebule, zilipokuwa ngoma. Hazikuwa ngoma za ngozi, bali za umeme: visahani vitano vya raba vilivyoshikiliwa na vyuma, na chini yake pedali ya mguu iliyorusha nyundo ndogo kila ilipokanyagwa. Zilikuwa mali ya shule. Chumba cha muziki kilikuwa kikiezekwa upya, na mwalimu wa muziki alikuwa amemkabidhi Chiriku ngoma hizo afanyie mazoezi nyumbani hadi siku ya tamasha la shule. Aliweka sharti moja tu. Siku jirani yeyote akilalamika, ngoma zinarudi shuleni, na wimbo utachezwa bila ngoma.

Chiriku hakuona shida yoyote katika sharti hilo, maana alikuwa na hedifoni. Akizivaa, alisikia ngoma zikinguruma na matoazi yakilia hadi nywele zikamsimama. Bibi, aliyekaa hatua tatu tu kutoka pale, alisikia mlio mdogo wa vijiti, kama mtu anayekatakata vitunguu. Kwa hiyo Chiriku alipiga kwa nguvu zake zote, na mguu wake wa kulia ndio uliofanya kazi kuliko viungo vyote.

Jumatatu moja mlango uligongwa. Alikuwa jirani wa ghorofa ya pili, mwoka mikate, ambaye watoto wote wa jengo walimwita Mjomba Mikate. Alikuwa mnene, mpole, na siku hiyo amevaa nguo za kulalia na ndara, macho mekundu. Alifanya kazi usiku kucha ili watu wapate mkate wa moto asubuhi. Usingizi wake ulianza saa saba mchana na kwisha saa moja jioni. Aliomba radhi kwa kusumbua, akauliza kama kuna mtu anatwanga kitu huku juu.

 Chiriku alilikumbuka sharti la mwalimu, akazishika hedifoni zilizoning'inia shingoni.

"Hapana, mjomba," alisema. "Hapa hatutwangi kitu. Mimi nafanya mazoezi na hizi, hakuna sauti inayotoka."

Mwoka mikate alizitazama hedifoni, akatikisa kichwa, akaomba radhi tena. Alisema labda ni pampu ya maji iliyoko juu ya paa. Kisha akashuka polepole akishikilia ukuta.

Chiriku alirudi kwenye ngoma, lakini hakupiga mara moja. Alichota maji kwa kikombe, akakiweka sakafuni karibu na pedali, akakanyaga mara moja. Maji yakatikisika, yakafanya duara ndani ya duara. Alikanyaga tena, yakatikisika tena. Alikitazama kikombe kile kwa muda. Halafu alikiokota, akayanywa maji yote, na hakumwambia mtu.

Wiki hiyo fundi wa mabomba alipanda juu ya paa akaifungua pampu kipande kwa kipande. Hakukuta ubovu wowote. Chiriku alimpita kwenye ngazi, fundi akiwa amebeba kisanduku cha spana na akilalamika kwamba amepotezewa asubuhi nzima, na Chiriku akainamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka. Alasiri alipiga ngoma kama kawaida. Alijiambia kwamba tamasha limekaribia, na kwamba mambo yatakwisha yenyewe.

Hayakwisha. Jumamosi ya wiki ya pili alitumwa mkate, akakuta duka la mikate limefungwa nusu mlango na rafu zote tupu. Dada muuzaji alimweleza kwamba mwoka mikate alisinzia akiwa wima mbele ya tanuri, mkono ukagusa sinia la moto, akaungua kutoka kiganja hadi karibu na kiwiko. Daktari amempa siku nne za kupumzika. Dada yule alisema tatizo ni usingizi. Kwa muda sasa, alisema, mzee wa watu hapati hata saa mbili za kulala kwa mfululizo.

Chiriku alirudi nyumbani mikono mitupu. Alieleza kwa maneno machache kwamba mkate umekosekana, akakaa. Hakupiga ngoma siku hiyo. Jioni, mezani, baba alisimulia kisa cha mteja aliyeleta gari gereji akidai linakohoa, na Chiriku hakucheka wala hakuuliza linakohoaje. Baba akaweka kijiko chini.

"Leo chiriku wangu kaumwa na nini?" aliuliza.

Machozi yakamtoka Chiriku kabla ya maneno. Alieleza yote: mlango uliogongwa, jibu alilotoa, kikombe cha maji, pampu, na mkono ulioungua. Baba alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo lilimtisha zaidi kuliko kama angefoka.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile ile, baba."

Bibi, ambaye walidhani hasikii, aliinua uso kutoka kwenye kitambaa chake. Akasema hata yeye alikuwa akiuhisi mtikisiko ule kwenye nyayo kila alasiri, ila alidhani ni uzee unampanda kuanzia miguuni. Baba alitaka kutabasamu, akajizuia. Alinawa mikono, akamwambia Chiriku avae viatu. Wanashuka chini sasa hivi, na atakayesema ni yeye mwenyewe.

Mwoka mikate alikuwa ameketi kitandani, mkono umefungwa bandeji nyeupe hadi kiwikoni. Chumba chake kilikuwa kidogo na safi, na kitanda kilikaa sawasawa chini ya ile kona ya ngoma. Chiriku alimwamkia, akaitikiwa. Kisha akasimama akikunja pindo la gauni, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akakosa pa kuanzia.

"Mjomba, si pampu," alisema hatimaye. "Ni mimi. Mguu wangu. Nilijua, nikakudanganya."

 Mwoka mikate alishusha pumzi ndefu, akaweka mkono mzima kifuani.

"Kumbe si moyo wangu," alisema.

Akawaeleza kwamba pampu ilipoonekana nzima, alianza kuogopa. Kila alipolala, alisikia ndu, ndu-ndu, ndu, ndani ya mto, na kila alipoketi ilipotea. Alijua juu hakuna kitu, maana ameshauliza na kujibiwa. Basi akaamini ni moyo wake unaopiga vibaya. Alikwenda zahanati mara mbili, daktari akamsikiliza kifua na kumwambia moyo uko imara, naye hakumwamini daktari. Akawa analala macho wazi, akihesabu mapigo.

Chiriku alikuwa amejiandaa kukaripiwa. Hili hakuwa amejiandaa nalo. Alilia kwa kwikwi, na mwoka mikate ndiye aliyembembeleza, akimpigapiga begani kwa mkono mzima na kumwambia kwamba amempunguzia ugonjwa mmoja mkubwa. Ila baba hakutaka yaishie hapo. Alisema Jumatatu Chiriku atamwambia mwalimu wa muziki kwa kinywa chake mwenyewe, na kabla ya hapo atalala kwenye kitanda hiki asikie anachokisikia jirani.

Basi Jumapili mchana Chiriku alijilaza kitandani kwa mwoka mikate, sikio kwenye mto. Baba alikuwa kazini, kwa hiyo juu kwenye pedali alikaa Bibi. Hakikuwapo chochote cha ule mngurumo aliouzoea, wala matoazi, wala wimbo. Kilikuja kishindo kizito kisicho na mwanzo wala mwisho, kikapita kwenye dari, ukutani, kwenye mbao za kitanda, hadi kwenye meno yake. Ulikuwa mdundo wa kutisha kweli. Walikubaliana Bibi apige kwa dakika moja tu, lakini dakika tano zilipita na kishindo kikaendelea. Ilibidi Chiriku apande juu kumwondoa. Bibi alikuwa amevaa hedifoni, amefumba macho, mguu ukienda.

Mwalimu wa muziki alimsikiliza bila kupandisha sauti. Alimpa hadi Ijumaa. Alisema hataki neno la Chiriku wala la baba yake, anataka la mwoka mikate. Akisema bado anasikia, ngoma zitarudi.

Kazi ilianza jioni hiyo. Kwanza Chiriku aliweka godoro la zamani chini ya ngoma. Pedali ikazama, vyuma vikayumba, kisahani kimoja kikaanguka. Siku ya pili aliazima zulia zito. Mlio wa vijiti ulipungua, lakini mwoka mikate alituma ujumbe kwamba mguu haujabadilika. Chiriku alitaka kukata tamaa. Baba akamkalisha, akamwuliza kama anajua kwa nini injini ya gari hutetemeka na abiria asitetemeke nayo. Alimweleza kwamba injini haifungwi moja kwa moja kwenye chuma cha gari, inakalia raba, na raba inaumeza mtikisiko kabla haujasafiri. Sauti inayopita hewani, alisema, hedifoni zimeizuia. Hii inatembea kwenye sakafu, na sakafu haivai hedifoni.

Jumatano baba alileta kutoka gereji tyubu mbili kuukuu za pikipiki na ubao mpana mzito. Hakumsaidia zaidi ya hapo. Chiriku alizizamisha tyubu kwenye beseni la maji, akatafuta mapovu, akapata matundu matatu, akayasugua na kuyabandika viraka kwa gundi hadi vidole vikashikana. Akazijaza upepo mpaka zikawa ngumu, akalaza ubao juu yake, kisha zulia, kisha ngoma. Alipiga. Simu ikalia: bado anasikia, ingawa kidogo. Baba alizibonyeza tyubu, akasema tyubu ngumu hivi haina tofauti na jiwe. Chiriku akazipunguza upepo taratibu, mpaka ubao ukakaa juu ya sakafu kwa urefu wa kidole, ukibonyea kidogo kila alipoupanda. Alipiga tena. Sasa mwoka mikate alisema kuna kitu kinagonga upande wa dirishani tu. Chiriku akapiga magoti na tochi, akaona pembe ya ubao imegusa ukuta. Akausogeza ubao kwa upana wa kiganja.

Alhamisi alasiri alikaa kwenye ngoma, simu imewekwa kando, mwoka mikate akiwa upande wa pili amelaza kichwa kwenye mto wake. Chiriku alikanyaga pedali tangu mwanzo wa wimbo hadi katikati, jasho likimtiririka.

"Haya, anza basi," sauti ya mwoka mikate ilisema kwenye simu. "Mbona huanzi?"

"Nimeanza kitambo, mjomba."

 Upande wa pili ukasikika mkoromo.

Hata hivyo walipanga saa. Mazoezi magumu ya mguu yangengoja saa moja jioni, mwoka mikate akiwa ameshaamka, na alasiri Chiriku angefanya ya mikono. Ijumaa mwalimu alipokea neno la mwoka mikate, na ngoma zikabaki.

Siku ya tamasha ilikuwa Jumamosi, wiki mbili baadaye, saa tisa alasiri, katikati kabisa ya usingizi wa mwoka mikate. Alikuja hivyo hivyo, amevaa shati lililopigwa pasi, mkono umepona na kubaki na kovu la rangi ya waridi, akaketi mstari wa mbele kati ya baba na Bibi. Ngoma zilikuwa zimeunganishwa kwenye spika kubwa kuliko kabati. Chiriku alipoanza, madirisha ya ukumbi yalitetemeka. Alipiga vizuri kuliko siku zote. Alipoinua macho katikati ya wimbo, alimwona mwoka mikate kidevu kimelala kifuani, mdomo wazi kidogo, amelala fofofo.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, mwoka mikate akiwa ametangulia na baba huku akiomba radhi kwa kusinzia kwa mara ya nne, Chiriku alimshika Bibi mkono. Alimwuliza inawezekanaje mtu aliyekoseshwa usingizi na mguu mmoja alale mbele ya spika kama zile.

Bibi alimjibu wakitembea.

"Kule nyumbani alisikia kitu asichokijua, akauliza, na aliyejua akamwambia hakuna kitu," alisema. "Mtu hawezi kulala hivyo, mjukuu wangu. Leo alijua ni ngoma za nani na zitakwisha saa ngapi. Kelele zako zilimsumbua, ndiyo, na kwa hizo tumepata tyubu na ubao. Lakini kilichomweka macho zaidi ni lile jibu lako la mlangoni. Ukimwambia mtu kweli, hata kama ni mbaya, unampa mahali pa kuweka kichwa."

 Chiriku aliukaza mkono wa Bibi, wakaongeza mwendo kuwafikia wenzao, maana mwoka mikate alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mlango wa jengo, akipiga mwayo mrefu na kuwashikia mlango wapite.