Ukuta wa Leah na Kopo la Enoka

Picha ndogo ya mchezaji mpira ina thamani gani kwa mtu asiyetaka kuiuza? Jibu sina bado. Tumfuate Leah kwanza.

Ilikuwa mwaka 1937, Tunduma. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule ya misheni, Leah alifagia chumba chake huku akiwasalimu wachezaji aliowabandika ukutani kwa uji mzito. Picha hizo zilitoka katika pakiti za sigara. Kaka yake, Anyelwisye, alizituma kutoka migodini, Rodesia ya Kaskazini. Leah alimpenda zaidi golikipa mwenye kofia.

Binamu yake, Enoka, naye alikusanya picha, ila zake zilikaa ndani ya kopo. Mchuuzi wa ng'ambo ya mpaka alizinunua ili awauzie Wazungu wa mgodini, naye alitaka picha safi tu.

Siku moja Leah alirudi akakuta pengo ukutani. Enoka alikuwa amembandua golikipa na kumpeleka kwa mchuuzi.

"Amemkataa," Enoka alisema bila haya. "Mgongo wote uji. Nimemtupa motoni. Takataka ile nayo unaililia?"

Enoka alipokwenda kuchunga mbuzi, Leah alichukua kopo la binamu yake, akakoroga uji, akaanza na picha ambayo Enoka aliithamini kuliko zote. Aliipaka mgongo taratibu, akiufurahia kila mpako.

Alikuwa ameshika picha ya pili wakati mama yake, Fides, alipoingia pamoja na Enoka aliyerudi malishoni.

"Shangazi, mzuie! Mchuuzi anakuja kesho."

"Takataka hizi nazo unazililia?" Leah aliuliza.

Fides alimshika mkono. "Enoka alikipima kitu chako kwa bei ya mchuuzi, asiione furaha yako. Sasa nawe unavipima vyake kwa bei hiyo hiyo. Ukilimaliza kopo, golikipa atarudi?"

"Hatarudi, mama."

"Nawe, Enoka, kitu cha mwenzio hakiwi takataka kwa kuwa hakiuziki. Hiyo iliyopakwa uji ndiyo malipo yako kwake. Leah, unaitaka?"

Leah aliitazama. Winga alikuwa amepinda goti, nywele zimemtimka, kana kwamba mpira umetoka mguuni sasa hivi.

"Naitaka," aliwaambia. "Nitaibandika leo, Enoka akiangalia. Zilizobaki achukue, sitazigusa. Lakini chumbani kwangu haingii tena mpaka nimwite."