Futa Visivyo na Mwenyewe

Kompyuta ya Yueh-o ilianza kunuka majivu ya udi, na udi wenyewe hakuwa amewasha. Mjane huyu alikuwa na duka la kutarizi mapazia ya mahekalu pale Tainan, na mashine yake ilifuata nakshi alizochora marehemu mumewe, Wen-pin, zilizohifadhiwa humo kwenye kompyuta. Hakuna mwingine aliyeziweza. Zikipotea, basi Wen-pin amekufa mara ya pili.

Na kisa chenyewe? Kompyuta ilikuwa inajikongoja, akaona mtandaoni programu ya bure ya kusafisha rejista, akaipakua. Ikamtisha kwa maandishi mekundu: uchafu umejaa, kuna vitu chungu nzima visivyo na mwenyewe, nivifute? Jamani, ulikuwa mwezi wa saba wa kalenda ya Kichina, mwezi ambao mizimu hutoka kuzurura, mtaa mzima umetoa meza za vyakula milangoni kwa ajili ya mizimu isiyo na ndugu, watu wanaongea chinichini wasije wakaiudhi, na yeye akabonyeza futa.

Tangu hapo hakutulia. Kila akisafisha, uchafu unaongezeka. Nakshi ya joka ikakataa kufunguka, kisha ya korongo. Akamwita Chin-tu, mdogo wa marehemu, fundi wa kompyuta.

Chin-tu alimweleza kwamba rejista ni mahali kompyuta inapokumbuka mipangilio ya kila programu. Mabaki yaliyomo hayaipunguzii kasi, na hivyo visafishaji havijui takataka ni ipi na msingi wa nyumba ni upi. Kisha akashusha sauti.

"Ulifuta mwezi huu huu, shemeji?"

"Nilidhani ni vumbi tu."

Akaing'oa ile programu, akairudisha rejista ilivyokuwa zamani. Joka likafunguka. Yueh-o alilia kwa furaha, akalipapasa kwenye skrini.

Ndipo harufu ya majivu ikarudi, nzito kuliko mwanzo, na mashine isiyo na uzi ikaanza kudundisha sindano, taratibu, halafu kwa pupa, na lile dirisha jekundu la programu iliyokwisha kung'olewa likajifungua, likahesabu kurudi nyuma, likahesabu, mpaka kikabaki kimoja tu kisicho na mwenyewe, nacho kimeandikwa Yueh-o.

"Usibonyeze," alinong'ona.

"Sijagusa kitu, shemeji."

Mshale ukatembea wenyewe hadi kwenye neno futa. Sindano ikasimama. Duka likawa kimya.

Chin-tu akageuka, akamtazama kwa adabu.

"Samahani mama," alisema, "mwenye duka yuko wapi?"