Jioni Atarudi Mwanarehema

Boga alikunywa chai yake yote, akakiweka kikombe chini, akamgeukia mkewe na kumwuliza, "Mamake Rehema, leo hakuna chai?"

Mwanatabu alicheka. Mume karudi jana tu kutoka vita vya Bama, ana haki ya kufanya mzaha. Akammiminia tena. Boga akanywa, akakiweka kikombe chini, akauliza vilevile, kwa upole uleule, na kicheko cha Mwanatabu kikakauka. Kisha likaja swali ambalo alikwisha kulijibu jana kwa machozi.

"Na Rehema yuko wapi? Bado amelala?"

Mwanarehema alikuwa binti yao wa pekee. Baba alimwacha akianza kujifunza kufunga leso. Ndui ikamchukua vita vikiwa vinaelekea ukingoni, akazikwa nyuma ya mikorosho ya shamba lao, huku Mtongwe, Likoni. Mwanatabu alimweleza mumewe mara ya pili. Boga akapiga ukelele, akagaragara mchangani kama mtu aliyeipata habari hiyo ndiyo kwanza. Kwake ilikuwa ndiyo kwanza. Alilia mpaka akapitiwa na usingizi, na alipoamka akakaa kitako, akapangusa mchanga usoni, akauliza, "Rehema yuko wapi?"

Walikwenda kwa daktari aliyewahudumia askari waliorudi, Mhindi mmoja mpole ambaye Kiswahili chake alikuwa amejifunza dukani kwa baba yake. Alilipapasa kovu lililokuwa juu ya sikio la Boga, akachukua kipande cha kamba ya makumbi kilichokuwa mezani.

"Tazama, mama. Ndani ya kichwa, upande huu na upande huu, kuna ghala. Jambo likimpata mtu, hufika hapo. Kutoka ghalani kunatoka njia ya fahamu, nyembamba sana. Inapanda, inapinda hivi," akaikunja kamba, "kama tao juu ya mlango, halafu inashuka kwa mbele mpaka kwenye vinundu viwili vidogo. Njia hiyo ikiharibika, mambo ya leo hayawekeki. Kesho hayapo. Kipande cha bomu kimepita hapo."

"Mbona ya zamani anayo? Ananijua mimi, anamjua na mwanawe."

"Ya zamani yalipita njia ikiwa nzima. Yamehifadhiwa pengine."

"Itaunga, daktari?"

Daktari aliiachia kamba ikanyooka. "Haiungi, mama," alisema.

Sasa niambie, mama gani awezaye kumwua mwanawe kila asubuhi? Mwanatabu alijaribu. Alimweleza mumewe kwa upole, akamweleza kwa mkato, akampeleka mpaka kaburini, Boga akaushika udongo kwa mikono yake. Kila mara ukelele ulikuwa mpya, na kila mara yeye Mwanatabu alizika upya. Alikuwa akiomba jambo moja tu kwa Mola wake: mumewe akumbuke hili moja, walilie pamoja, liishe. Asubuhi moja, akiwa hana tena chozi wala nguvu, alijikuta amesema, "Yuko kwa shangazi yake Msambweni. Jioni atarudi."

Uso wa Boga ukachanua. Akachukua jembe lake, akaenda shambani huku anaimba.

Njia ya mwongo ni fupi, ndivyo wasemavyo watu, lakini mwongo huyu msikilizaji wake alikuwa hakumbuki kitu. Jioni Boga hakuulizia ahadi, maana alikwisha kuisahau. Kesho aliuliza, akajibiwa yaleyale. Mwanatabu akapata pumzi. Akaanza hata kunenepa.

Lilikuwapo jambo moja tu. Huku kwetu hata mtoto akiahidi kukuletea maji ya kunywa husema inshallah. Neno hilo humtoka mtu kabla hajafikiri. Mwanatabu alikuwa mcha Mungu, na ulimi wake ulikataa kulitia jina la Mwenyezi Mungu ndani ya uongo. Aliona angalau hapo anajikinga na dhambi. Kwa hiyo ahadi yake aliitoa ikiwa tupu, asubuhi baada ya asubuhi, msimu mzima wa korosho. Jioni atarudi. Jioni atarudi.

Jioni ambayo mambo yalianza, alikuwa jikoni anakuna nazi. Akasikia sauti nje, nyuma ya ukuta wa udongo. Ilikuwa sauti yake mwenyewe. "Yuko kwa shangazi yake Msambweni," ilisema polepole, kama mtu anayejifunza maneno. "Jioni atarudi." Kifuu cha nazi kikamponyoka. Alipotoka hakuona mtu, ila harufu, harufu ya nguo iliyovaliwa ingali mbichi ikakaukia mwilini. Jioni iliyofuata sauti ilikuwa karibu na dirisha, nayo ilikuwa nyembamba zaidi. Baadaye ikawa ya mtoto.

Alikwenda mbio kwa Bi Mwanakheri, mganga wa majini aliyekuwa anaheshimika tangu Likoni mpaka Ng'ombeni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wakimbia nini?"

Bi Mwanakheri alikuja, akamkalisha Boga, akamfukiza ubani, akaweka sikio lake kwenye kichwa chake na kusikiliza muda mrefu. Alipoinua uso, midomo ilikuwa imempauka. Akamvuta Mwanatabu uani.

"Yule daktari wako hakukosea," alinong'ona. "Njia imekatika. Lakini nyumba ya watu ikiwa tupu huingiwa, na njia ni hivyo hivyo. Jini amekaa pale kwenye tao. Kila umwambiacho mumeo, kisichofika kwake, yule hukipokea akakiweka. Wamwambiaje?"

Mwanatabu alimweleza.

"Na ukasema inshallah?"

Mwanatabu aliinama.

"Ewe mwana wee! Basi umemwahidi yeye. Hukumwachia Mungu nafasi. Atakuja jioni kwa umbo la mwanao, atabisha hodi, na mwenye nyumba ndiye wa kumkataa. Mumeo aseme kwa kinywa chake, mwanangu amekufa, wewe sikujui. Mimi siwezi kumsemea, wala wewe."

"Bibi, mume wangu hakumbuki kitu!"

"Najua." Mzee alimwagia maji makaa ya chetezo. "La kuvunda halina ubani, mwanangu." Akajitanda leso yake, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Jioni hiyo Mwanatabu alifunga mlango mapema, akamkalisha mumewe kitandani, akamshika uso kwa mikono miwili, akamwambia, mwanao amekufa, na Boga akalia kilio chake kipya, na kabla machozi hayajakauka yule mwanamke akaona macho ya mumewe yanaanza kutulia, yanaanza kusafika kama ubao uliofutwa, akamwambia tena, amekufa, amekufa kwa ndui, nimemwosha mimi mwenyewe, na Boga akalia tena, akasahau tena, akaambiwa tena, huku adhana ya magharibi inaisha na ile harufu ya nguo mbichi inapenya chini ya mlango, ikijaa chumbani, ikimpanda Mwanatabu kooni mpaka sauti ikakwama, akakohoa, akakohoa mara moja tu, na katika kikohozi hicho mlango ukagongwa.

"Hodi, baba."

Boga alimtazama mkewe, mashavu yamelowa, hajui kwa nini. "Walia nini, mamake Rehema? Mwanao huyo karudi."

"Usifungue! Wallahi, usifungue!"

"Karibu, mwanangu," alisema Boga, akaliondoa komeo.

Asubuhi Mwanatabu alijikuta sakafuni, kanga yake imerowa. Boga alikuwa amekaa kibarazani. Mwanatabu alimngoja aulize. Hakuuliza. Tangu arudi kutoka vitani haijapita asubuhi bila swali lile.

"Rehema kanieleza mambo jana," Boga alisema. "Kanambia kila siku wasema amekufa. Wamwapiza mwanangu wa pekee. Kanambia hataki kukuona humu." Akasimama. "Mwanatabu, nimekuacha. Nenda kwenu."

Mwanatabu hakulia. Alikusanya nguo zake kwa haraka, akaenda kukaa kisimani. Atasahau, alijiambia. Mtu asiyekumbuka kikombe cha chai, ataikumbukaje talaka? Hakuna lililowahi kudumu kichwani mwake. Alikaa mpaka jua likawa la utosi, akajitwisha furushi lake, akarudi.

"Hodi, babake Rehema."

Mlango ulifunguliwa kidogo. Boga alisimama pale, na chini, ubavuni pake, mkono mdogo uliushika ukingo wa kikoi chake.

"Wewe nimekwisha kukuacha leo asubuhi," alisema Boga kwa upole. "Kwani umesahau?"