Ukipona, Karibu Ipogolo

Kila saa nane mchana mtu alibisha hodi kwenye mlango wa nyuma, na nyumba ya Tumpe pale Ipogolo haikuwa na mlango wa nyuma. Upande ule kulikuwa na ukuta na kabati la vyombo. Mumewe, Sosthenes, alisema ni panya. Panya gani huyo mwenye adabu ya kugonga mara tatu na kusubiri?

Siku ya nne ikaja harufu ya usaha. Binti yao Happy, wa miaka mitano, akashika tumbo, akalala, akakataa hata maji. Hospitali walipima wasione kitu. Mchungaji akaomba, harufu ikazidi. Ndipo wakamwita kimyakimya mzee Bushiri, muuza kanzu wa mjini, ambaye huwasomea watu wenye majini.

"Huyu hakuvunja mlango, mwanangu," mzee alinong'ona. "Amekaribishwa. Nani kamwalika?"

Tumpe alijua, akamsimulia kwa aibu. Mwezi uliopita tu alikuwa Kongo akiuguza majeruhi wa vita, na siku mabomu yalipoangukia soko waliletwa watu wengi kuliko vitanda, ikabidi wale wasio na tumaini walazwe chini kwenye hema la pembeni, na humo mwanamume aliyepasuka tumbo akamshika gauni akimsihi, "Mama, unipeleke kwenu," naye, kwa haraka ya kuwawahi wanaoweza kupona, akamjibu kama tunavyomjibu yeyote huku kwetu, bila hata kufikiri: "Ukipona, karibu Ipogolo."

"Basi msindikize," Bushiri akasema. "Mgeni wako, umtoe mwenyewe. Ukichelewa ataondoka na mtoto."

Tumpe akatoka juani peke yake, akapita madukani akiitikia salamu kama mwenye akili timamu, huku akisikia miguu peku ikiburuzwa nyuma yake, ikisimama kila aliposimama, mpaka barabara kuu kwenye malori.

"Kwaheri, kaka," alisema. "Nisamehe. Nilikuacha."

Harufu ikakatika. Simu ikaita.

"Mama Happy!" Sosthenes alikuwa akicheka na kulia. "Mtoto kaamka! Anadai uji!"

Tumpe akaketi kando ya lami, akalia kwa furaha. Kisha kitu cha baridi kikamgusa sikio.

"Asante, mama. Na hawa wenzangu niliokuja nao?"

Akalikumbuka hema lile, mkeka baada ya mkeka. Siku ile alikuwa amewakaribisha wote.